Mkwaruzo Kwenye Jino la Kaleb

Daktari Elinipa Akyoo alimdondoshea mgonjwa wake matone mawili ya rangi ya zambarau kwenye fizi, akahesabu hadi thelathini, kisha akamwambia asukutue na kutema.

Mgonjwa alikuwa Mama Ndetaulwa Pallangyo, mjane wa miaka sabini na mmoja, mwenye meno sita ya kupandikiza. Katika mji wa Nkwamala karibu kila mtu wa umri wake alikuwa nayo. Maji ya chemchemi zinazoshuka Mlima Meru yana floraidi nyingi. Kizazi baada ya kizazi yaliyafanya meno ya watu kuwa ya kahawia, kisha yakayamega vipande vipande, mpaka zahanati ya Elinipa ilipoanza kuyang'oa mabaki na kusimika vijiti vya chuma cha titani kwenye taya, kila kijiti kikivishwa taji jeupe.

Rangi ile ya zambarau hushika utando tu, ule utelezi mwembamba ambao bakteria hujenga juu ya meno. Kwenye jino la kawaida utando hutapakaa ovyo kama ukungu juu ya mkate. Kwenye meno ya Nkwamala ulikaa kwa mistari, na ilikusudiwa iwe hivyo. Zebedayo Mbise, fundi wa meno wa zahanati, alikuwa amechonga kwa mwanga mifereji midogo kabisa juu ya titani. Uso laini haushikwi vizuri na mfupa, na uso wenye mikwaruzo huwaficha bakteria wanaoozesha fizi. Mifereji ya Zebedayo ilipimwa ili bakteria wasio na madhara waenee humo, wajilaze kama mbegu kwenye matuta, na wale wabaya wasipate pa kukaa. Kwa miaka sita hakuna fizi hata moja iliyotoka damu.

Elinipa alisogeza kioo. Mistari ilikuwa imetoka kwenye titani, ikapanda juu ya taji, ikavuka hadi kwenye jino la jirani ambalo Mama Ndetaulwa alizaliwa nalo. Jino hilo halikuwa na mfereji wowote. Hata hivyo utando ulilala juu yake kwa safu zilezile, na katikati ya kila safu ulipinda ghafla, kama kiwiko cha mkono, kisha ukaendelea moja kwa moja. Lilikuwa jino la nne kuliona na pindo hilo wiki ile, na lilikuwa la mtu wa nne.

"Mama, kuna mahali panauma?"

"Hakuna, mwanangu. Hata magoti yameacha. Jumapili nilipanda mpaka kanisani kwa miguu yangu."

"Yameacha tangu lini?"

"Tangu tumzike mzee." Mumewe, Kaleb, alikuwa amefariki miezi minne nyuma kwa uvimbe tumboni. Ulikuwa umegunduliwa kwa kuchelewa, kwa kuwa hakulalamika hata siku moja. Mama Ndetaulwa alijifuta mdomo kwa kona ya kitenge. "Kuna jambo jingine. Nikikuambia utasema nazeeka vibaya."

"Niambie."

"Kila siku ikifika saa nne asubuhi napata ladha ya ugoro. Mimi sijaweka ugoro mdomoni maisha yangu yote. Kaleb ndiye aliyekuwa akiweka, hapa kushoto, chini ya mdomo. Akishamaliza kulisha ng'ombe, ile saa nne, anakaa kwenye kigoda chake na..."

Alinyamaza. Elinipa alidhani ni majonzi. Halafu akaona ulimi wa mama yule ukisukuma mdomo wa chini kwa ndani, upande wa kushoto, ukatengeneza uvimbe mdogo. Macho yake yalilegea kama ya mtu aliyeketi mwishoni mwa kazi.

Mlango wa chumba cha kusubiria ulikuwa wazi. Pale benchini waliketi Mwalimu Obadia na mwanamke mmoja muuza mboga, wasiojuana. Wote wawili walikuwa wamenyamaza. Wote wawili walikuwa na uvimbe uleule chini ya mdomo, kushoto.

Ilichukua kama dakika moja. Kisha muuza mboga akaendelea na simu yake, Mwalimu Obadia akafungua gazeti, na Mama Ndetaulwa akasema, "...anapumzika. Ndiyo ladha hiyo. Umenielewa?"

* * *

Zebedayo alikuwa mtu mkimya aliyefanya kazi akiwa amevaa glavu hata alipokuwa hashiki chochote. Elinipa alimkuta nyuma ya zahanati, kwenye chumba chake cha mashine, akamwomba picha ya kijiti cha Kaleb, ile waliyopiga siku ya kukisimika.

Picha ilipokuzwa, wote wawili waliinama. Mifereji ilikuwa imenyooka kama mistari ya daftari, isipokuwa mahali pamoja. Hapo palikuwa na mkwaruzo uliopinda kama kiwiko.

"Ni mimi," alisema Elinipa. "Koleo liliteleza. Niliandika kwenye faili kwamba hauna athari."

"Kwenye chuma hauna athari," Zebedayo alisema. "Utando ndio uliojifunza umbo lake."

Alimweleza taratibu, akionyesha kwa kidole kilichovaa glavu. Bakteria walio kwenye utando hupeana chaji ya umeme, mmoja kwa mwingine, ndivyo wanavyojua lini wale na lini wapumzike. Kwenye uso wa kawaida chaji hizo husambaa na kupotea. Mifereji ilizinyoosha zikawa kama nyaya. Na pale penye mkwaruzo chaji ilifika, ikagonga, ikarudi, ikawa inazunguka bila kutoka. Kilichokuwa kinatokea mdomoni mwa Kaleb kila siku kwa wakati mmoja, ugoro wake wa saa nne, kilibaki kikizunguka pale.

"Lakini yeye amekufa," Elinipa alisema.

"Kwenye matanga yake tulikunywa loshoro, mahindi ya maziwa mgando. Kata ya kunywea ilikuwa moja, ileile aliyokuwa akiitumia yeye, ikapita kwa kila mtu." Zebedayo alivuta kioo cha pili cha kompyuta. "Na kuna mataji."

Kila taji lilikuwa na kipimo kidogo kilichotuma zahanati habari za uchachu wa mdomo. Vipimo hivyo vilipokezana habari, taji kwa taji, nyumba kwa nyumba, mpaka zifike. Kwenye kioo ilionekana mistari arobaini na mmoja, mmoja kwa kila mgonjwa. Miezi minne nyuma kila mstari ulikwenda unavyotaka. Sasa ilipanda na kushuka pamoja, na saa nne asubuhi yote arobaini na mmoja ilipiga kilima kimoja.

"Utando unatumia vipimo vyangu," Zebedayo alisema. "Mdomo ukisahau, midomo mingine inaukumbusha."

"Na maumivu? Mama Ndetaulwa anapanda kilima kwa magoti yaliyokwisha."

"Kuna kitu unatoa kinachoingia kwenye damu. Nimekipima jana. Ni kama ganzi, ila hailegezi mwili. Inazima tu ile sauti ya kukuambia kwamba umeumia. Daktari, na wewe ulikunywa kwenye ile kata."

Elinipa hakuwa na jino hata moja la kupandikiza. Alikwenda kwenye sinki, akajidondoshea rangi, akasukutua, akafungua mdomo mbele ya kioo. Kwenye gego lake la chini kulikuwa na safu nyembamba za zambarau. Kila safu ilipinda katikati.

Zebedayo alimpa dawa kali ya kusukutua. Kwenye meno ya asili, alisema, utando haukuwa na mizizi; uliishi kwa kukumbushwa na mataji ya karibu, na kwa dawa ungetoka. Elinipa alisukutua mara tatu mpaka machozi yakamtoka. Saa moja baadaye alianza kuchechemea. Alipovua kiatu alikuta lengelenge kisiginoni lililokuwa limepasuka siku nyingi, na soksi imegandana na nyama. Alikuwa ametembea nalo wiki nzima.

* * *

Kesho yake walijaribu kumsafisha Mwalimu Obadia, kwa ridhaa yake. Walituma umeme mdogo kupitia mataji yake, utando ukabanduka kama ngozi ya maziwa. Siku iliyofuata, baada ya saa nne, rangi ya zambarau ilionyesha mistari imerudi, pindo likiwa pale pale. Midomo mingine arobaini ilikuwa imemkumbusha.

"Ama wote kwa pamoja, ama hakuna," Zebedayo alisema. "Sekunde tisini. Mashine inataka alama ya kidole changu na chako."

"Kwanza tuwaulize," Elinipa alijibu. "Nilipowasimikia niliwaomba ruhusa. Sasa pia nitawaomba."

Mchana huo Mama Ndetaulwa alikuja mbio, na magoti yale, akiwa amembeba mjukuu wake Siael, mtoto wa miaka mitano aliyekuwa akiishi naye. Mkono wa kulia wa mtoto ulikuwa umefungwa kwa kanga iliyolowa.

"Nilitoka kuchuma mboga," alisema. "Narudi namkuta ameshika sufuria ya maharage jikoni. Ameishika tu, Daktari. Inachemka."

Elinipa alifungua kanga. Ngozi ya kiganja ilikuwa imeachana na nyama, na kulikuwa na harufu asiyoweza kuifananisha na kitu kingine. Siael aliutazama mkono wake kama anavyotazama mkono wa mtoto mwingine.

"Unaumwa, mama?" Elinipa alimwuliza mtoto.

"Hapana," alisema Siael. "Bibi ndiye analia."

Alimsafisha kidonda, akamfunga bandeji, na mtoto akawa anamwimbia wimbo wa shule ya awali muda wote. Alipomaliza alimwomba afungue mdomo. Kwenye meno ya maziwa, madogo kama punje za mahindi mabichi, mistari ilikuwepo. Elinipa alimsukutulisha kwa dawa, ingawa alijua kwamba jioni atakula sahani moja na bibi yake, na atalala kitanda kimoja naye.

"Unaona, Mama?" alisema. "Mzee Kaleb alikuwa na uvimbe mwaka mzima na hakujua. Ndiyo maana tulichelewa."

"Alikufa anatabasamu," Mama Ndetaulwa alisema polepole. "Mimi nilimshukuru Mungu kwa hilo."

"Naitisha mkutano keshokutwa. Nataka wote tuutoe."

Mama Ndetaulwa alimbeba mjukuu akainuka. Alipofika mlangoni aligeuka. "Ukiutoa, ile saa nne itakuwa saa tu kama saa nyingine?"

"Ndiyo, Mama."

* * *

Walikutana kwenye ukumbi wa shule, saa tatu na nusu asubuhi. Walikuja wote arobaini na mmoja, wengine na ndugu zao. Elinipa alieleza yote, hata koleo lililoteleza. Hakuficha kwamba lilikuwa kosa lake.

Mabishano yalikuwa kama ya mkutano wowote. Mwalimu Obadia alisema hataki kuwa nyumba ya kumbukumbu za mtu mwingine, hata kama alikuwa rafiki yake. Muuza mboga alisema mgongo wake haujamsumbua tangu mazishi, na anayetaka kuurudishia maumivu aje abebe yeye yale magunia. Kijana mmoja seremala aliuliza kama ndiyo sababu msumari ulimpita kidole asijue. Kufikia saa nne kasoro dakika tano watu kumi na mmoja walikuwa wamesema utolewe. Wanane walikataa. Wengine walikuwa bado wanafikiri. Nyuma kabisa Mama Ndetaulwa alikuwa ameinua mkono, anasubiri zamu yake.

Seremala alikuwa katikati ya sentensi aliponyamaza.

Ukumbi wote ukanyamaza. Elinipa aliona midomo arobaini na mmoja ikivimba upande wa kushoto, na jozi arobaini na moja za macho zikilegea. Ndugu zao waliokuja nao waliangaliana. Mtu mmoja akacheka kwa woga, akaacha.

Kisha wakasema, wote kwa pamoja, kwa sauti ya chini isiyo na haraka, sauti ya mtu mmoja aliyeketi kwenye kigoda:

"Hatutaki."

Mwalimu Obadia alilisema. Seremala alilisema. Wale kumi na mmoja walilisema sawasawa na wale wanane. Dakika ilipokwisha, seremala alimalizia sentensi yake kuhusu msumari, na hakuna aliyeonekana kujua kwamba amesema kitu. Ndugu walianza kuinuka na kuwavuta watu wao nje. Viti vilianguka. Mama Ndetaulwa alikuwa bado amesimama nyuma, mkono juu, lakini Elinipa alikuwa ameshatoka kwa mlango wa pembeni.

"Tulitaka jibu lao, tumepata la utando," Zebedayo alimwambia walipofika chumba cha mashine. "Kuna haja gani ya kuuliza tena? Kesho saa nne itakuwa hivyohivyo."

"Tungeweza kuwauliza mmoja mmoja. Jioni."

"Na utajuaje anayejibu ni nani?"

Elinipa aliwaza mkono wa Siael. Alijaribu kuwaza kitu kingine, haki ya mtu juu ya mdomo wake mwenyewe, viapo alivyokula chuoni, lakini kila mara ulirudi ule mkono, na ule wimbo wa shule. Saa tano na dakika kumi aliweka kidole chake kwenye mashine, kando ya kidole cha Zebedayo kilichovuliwa glavu kwa mara ya kwanza.

Kwenye kioo mistari arobaini na mmoja ilitetemeka, ikatawanyika, kila mmoja ukashika njia yake.

Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha, kutoka upande wa sokoni, mtu alipiga yowe. Mwingine akaitikia kutoka barabara ya juu. Elinipa alisimama mlangoni akasikiliza mji ukirudiwa na miili yake: wazee waliokuwa wamepanda vilima kwa miezi minne, migongo iliyokuwa imebeba magunia, meno, majeraha yaliyofunikwa na viatu. Seremala aliletwa amebebwa, mkono umevimba mpaka kwenye kiwiko. Siku mbili zaidi na ungekatwa. Na kutoka nyumba ya tatu baada ya kanisa kulisikika mtoto akilia, kilio cha kukata pumzi, kisichokoma.

* * *

Ilimchukua Elinipa siku tatu kumaliza kuwahudumia waliokuja wenyewe. Wengine walimshukuru. Muuza mboga alipitia mbele ya zahanati akatazama upande mwingine. Siku ya nne asubuhi alikuja Mama Ndetaulwa, na fimbo, akikanyaga ngazi moja moja.

"Shikamoo, Mama. Siael anaendeleaje?"

"Marahaba. Usiku analia, mchana anacheza. Kidonda ni kizuri." Aliketi kwenye kiti cha wagonjwa bila kualikwa. "Nimekuja unitoe meno yangu. Yote sita."

"Mama, hayana ubaya tena. Utando mpya utakaoota hapo utakuwa wa kawaida. Nimewahi kuyang'oa mawili tu maishani. Hushikwa na mfupa. Utabaki na mapengo."

"Nilizoea mapengo kabla yako."

Elinipa alivuta kigoda akaketi ili macho yao yalingane. Alikuwa amelitayarisha neno hilo kwa siku tatu. "Nilifanya bila ruhusa yenu. Sikujua nani aliyekuwa akijibu pale ukumbini. Ndiyo sababu."

"Wengine siwasemei," Mama Ndetaulwa alisema. "Obadia anasema lile neno halikuwa lake, namwamini. La kwangu lilikuwa langu. Nililisema nyumbani alfajiri, kabla ya saa nne yoyote, nikiwa nimeukamata mkono wa mtoto. Nilikuwa nimeshampigia simu mwanangu aliyeko Moshi aje amchukue Siael akae naye, ale kwake, asiguse kikombe changu. Nilitaka kukuomba mniache mimi peke yangu, muwatoe wengine, mnifungie mataji yangu yasiongee na mtu. Zebedayo angeweza?"

Elinipa alifikiri. Vipimo viliweza kuzimwa kimoja kimoja. Mdomo mmoja usiosikia wengine na usiosikika. Ilikuwa kazi ya dakika tano.

"Angeweza," alisema.

"Ndilo nililoinulia mkono." Hakupandisha sauti. "Sikufichi, sikumwona Kaleb humo. Si mzimu. Ilikuwa dakika moja kwa siku, basi. Lakini ulikuwa mdomo wangu, na nilikuwa na akili zangu timamu. Sitaki tena kitu humo ambacho mtu anaweza kukizima bila kuniuliza."

Nje watu walikuwa wakianza kujaa benchini. Elinipa alitaka kusema samahani, akaona neno ni dogo, akalisema hata hivyo. Mama Ndetaulwa alilipokea kwa kichwa, kama mtu anavyopokea salamu ya mpita njia.

"Ganzi, Mama?"

"Nichome. Sikuja kujiadhibu."

Alimchoma, akasubiri ikolee, akagusa fizi kwa ncha ya chombo kuhakikisha. Kisha akachukua koleo, akalishika kwa mikono miwili ili lisiteleze, na kabla ya kuligusa jino la kwanza akasimama.

"Nianze?"

Mama Ndetaulwa aliinua kidole kumruhusu. Jino lilitoka kwa shida, na kipande cha mfupa kikiwa kimelishika. Elinipa aliliweka kwenye trei, akasimama tena, akauliza tena. Aliuliza mara sita, na kila mara alingoja mpaka kidole kiinuke.